Boma la Mawe Ng'ambo ya Sirari

Ukitoka Kibara ukapita Bunda, Musoma na Tarime, ukavuka mpaka Sirari, huchelewi kufika Migori. Wengi wetu safari huishia hapo, sokoni au kwa jamaa. Lakini kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji huo, huko Nyatike, kuna makazi ya wakulima na wafugaji yaliyojengwa kwa mawe matupu, pasipo udongo, chokaa wala saruji. Yanaitwa Thimlich Ohinga. Mwaka 2018, katika kikao cha Manama, Bahrain, UNESCO iliyaingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Sisi wa upande huu wa mpaka, tunaokaa kwenye ukanda huohuo wa ziwa na majabali, tuna kila sababu ya kuijua historia yake.

Inakadiriwa kwamba ujenzi ulianza karne ya 16. Maboma makuu ni manne: Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch. Kochieng' ndilo kubwa na ndilo lililohifadhika vizuri zaidi. Kuta zina kimo cha kuanzia mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa kati ya mita 1 na 3. Fundi mwashi wa leo akiambiwa asimamishe ukuta wa mita 4 bila kuchanganya hata ndoo moja ya saruji, atauliza kwanza nani atalipa ukianguka.

Siri imo ndani ya ukuta. Waliupanga kwa sehemu tatu: uso wa nje, uso wa ndani, na kati yake mawe madogo yaliyojazwa na kushindiliwa mpaka yakazishika nyuso zote mbili. Mawe hayakuchongwa. Yaliokotwa jinsi yalivyo, makubwa kwa madogo, na kila moja likatafutiwa mahali linapokaa bila kucheza. Hapo ndipo Thimlich inapotofautiana na Zimbabwe Kubwa, ambako wajenzi walipasua matale vipande vyenye kimo kinacholingana wakavipanga safu kwa safu kama matofali. Jiwe lisilochongwa halitoi kona imara, kwa hiyo ukuta wa Thimlich hauna kona. Unakwenda ukipinda, na penye udhaifu umeongezewa mawe ya kuuegemeza.

Wakulima wa Uingereza nao wana ufundi wa jamaa moja na huu. Huko Yorkshire na Cotswolds, kuta za mashamba hujengwa kavu, nyuso mbili na kifusi katikati, na hapa na pale huwekwa jiwe refu linalopenya toka upande mmoja hadi wa pili. Ila Mwingereza alipofika kwenye nyumba yake ya kulala alibadili mbinu: alichonga mawe ya kona, akayashika kwa chokaa, akapaua juu yake. Watu wa Thimlich waliliacha jiwe kwenye ua. Nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na zilizobaki leo ni alama za duara zilizodidimia ardhini. Mgeni anayekuja kutafuta paa na madirisha atarudi amekata tamaa. Kwa maoni yangu walipima sawasawa: nyumba ya nyasi ikiungua hujengwa upya, lakini ng'ombe wakiswagwa usiku mmoja, ukoo umefilisika.

Ndiyo maana lango ni fupi na jembamba. Mawe marefu yamelazwa juu yake kama linta, na anayeingia lazima ainame, kichwa mbele, asijue nani anamsubiri ndani. Pana pia sehemu zilizoinuliwa za mlinzi kutazama mbali. Ndani, kuta ndogo zinagawa mazizi na sehemu nyingine za makazi, na Kochieng' palikuwa na eneo la uhunzi wa chuma.

Kwangu mimi, boma hili ni taasisi. Waliolianzisha siyo waliolimaliza. Jamii za Kibantu na za Kiniloti zilipishana humo kwa karne kadhaa, na kila waliohamia waliukuta ukuta unaodai kazi, kwa kuwa ukuta mkavu haungoji: mvua huulegeza, mizizi huusukuma, mbuzi huupanda. Walioukuta waliutengeneza kwa mtindo uleule, hata leo si rahisi kuona mkono wa mmoja ulipoishia na wa mwingine ulipoanzia. Laiti ukoo mmoja tu ungesema hili si letu, tungekuta lundo la mawe.

Jiwe halikushindwa na vita. Enzi za ukoloni uvamizi ulipopungua, familia hazikuhitaji tena kubanana ndani ya ua mmoja. Zilitawanyika, kila mji ukajizungushia uzio wa minyaa, ambao hupandwa na wachache na hukua wenyewe. Kufikia katikati ya karne ya 20 Thimlich ilikuwa imehamwa. Serikali ya Kenya ilitangaza kuwa ni kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo yenye dhamana nayo. Hata hivyo kuta ziliendelea kuporomoka, hadi mwaka 2000 mahali hapa pakaingizwa katika orodha ya kimataifa ya majengo yaliyo hatarini. Ndipo ukarabati ukashika kasi.

Heshima ya 2018 iliandikwa kwa jina la Thimlich peke yake. Watafiti wameorodhesha maboma zaidi ya 500 ya aina hiyo, katika sehemu zaidi ya 130 za kusini-magharibi ya Kenya, na mengi yamo kwenye ardhi ya watu.