Fukusi Aliyetembea Papo Hapo

Juzi nilimkosa nzi mara tatu kwa kandambili. Badala ya kukasirika nikakaa chini nikajiuliza: huyu kichwa chake hakifiki punje ya mtama, ananiwahi vipi? Kulitafuta jibu kulinipeleka mbali.

Mwaka 1915, Wahispania Santiago Ramón y Cajal na Domingo Sánchez walishachora seli za neva zilizo nyuma ya jicho la mdudu. Michoro mizuri ajabu, ila kuona nyaya siyo kujua taa inawakaje.

Vita Kuu ya Pili ikawakutanisha vijana wawili wa Kijerumani: Bernhard Hassenstein, mtu wa biolojia, na Werner Reichardt, mtu wa redio aliyekuja kuwa mwanafizikia. Reichardt alijiunga na waliowapinga Wanazi, Gestapo wakamkamata. Alinusurika. Vita ilipokwisha, wawili hawa wakaanza kumchunguza nani? Fukusi. Ndiyo, ndugu wa hawa wanaotoboa mahindi yetu ghalani.

Walimshika mgongoni asisogee, wakampa miguuni tufe jepesi lililosukwa kwa njia panda tupu. Yeye anadhani anatembea, kumbe analizungusha tufe. Kila njia panda achague: kushoto au kulia? Pembeni yake ukuta wa mistari ulizunguka, naye akaelekea zaidi kule mistari inakoenda. Wenzetu wakawa wanahesabu tu.

Mwaka 1956 wakatoa maelezo yao, bila kupasua ubongo wowote. Chukua walinzi wawili jirani. Mwizi anampita wa kwanza, kisha wa pili. Wa kwanza anatuma habari kwa mtu wa miguu. Wa pili anapiga simu. Habari zikifika kwa mkuu wakati mmoja, anajua mwizi katokea upande gani. Mwizi akija kinyume, habari hazikutani, na mkuu hashtuki. Ucheleweshaji kidogo tu, na jicho linatambua mwendo.

Ilibaki kuzipata seli zenyewe. Mwaka 2013, katika nzi wa matunda, watafiti walionyesha kazi ya seli ziitwazo T4 na T5: za kwanza hufuatilia kingo za mwanga, za pili kingo za giza. Zilithibitisha wazo lile la msingi, ingawa hesabu yake ndani ya seli ni tata zaidi. Hassenstein alikuwa hai bado. Reichardt alikuwa amefariki 1992.

Nami kandambili nimeirudisha mguuni.