Mawaa Meusi ya Tupu ya Mwanamke

Mawaa meusi ya tupu ya mwanamke, yaani madoa ya kahawia au meusi yatokeayo katika mashavu ya uke, aghalabu hayana madhara. Litokealo zaidi ni baka bapa la melanini, yaani rangi ya ngozi, lisilowasha wala kutoa damu, ambalo kingo zake huweza kwenda upogo na rangi yake kutofautiana hata likashabihi melanoma, saratani adimu iwapatayo zaidi waliopita miaka 50, hata machoni mwa tabibu hodari. Weusi uzidio wakati wa mimba ni maumbile.

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, huko Kenya, fursa njema ya kuyatambua mawaa haya ni uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki, endapo muuguzi, kwa staha impasayo mgonjwa, atatazama nje kabla ya ndani. Jicho pekee halitoshi: hasa kwa mwenye virusi vya Ukimwi, doa jeusi huenda likawa seli zinazoelekea kuwa saratani kwa sababu ya kirusi cha papiloma, kwa hiyo doa jipya, linalokua, lililoinuka au lenye kidonda hukatwa kipande kidogo kikapimwe kwa hadubini. Likithibitika salama, huachwa, likaangaliwa tena baadaye.