NYAMA YA USIKU KUCHA
Asili ya nguruwe wa kuokwa taratibu katika nchi tunayoishi



Kila jamaa zetu wanapokutana hapa Marekani, hasa sisi tuliofikia majimbo ya kusini, hakukosi sinia la bega la nguruwe lililopikwa usiku kucha, likachambuliwa kwa uma, likatiwa siki na pilipili. Vijana waliozaliwa huku hulipenda kwa kuwa ni chakula rahisi: unakitia chunguni jioni, unalala, na asubuhi kimeiva. Wasemavyo ni kweli. Lakini urahisi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Wapo watu waliokesha ili sisi tulale, na wengi wao walikuwa wenye asili ya Afrika kama sisi. Makala haya yanakusudia kueleza habari zao kwa ufupi, ili tunapokula tujue tunakula kazi ya nani.

Mnyama mgeni, pilipili mwenyeji

Nguruwe wa kufugwa hakuwa mnyama wa bara hili. Columbus alimleta katika visiwa vya Karibi katika safari yake ya pili, mwaka 1493. Mwaka 1539 Mhispania Hernando de Soto alitua Florida na kundi dogo la nguruwe. Alipofariki mwaka 1542 na mali yake kunadiwa, kundi lile lilikuwa limefika wapata 700. Mnyama huyu alizaana upesi na kujitafutia chakula msituni, na kwa hiyo akawa nyama ya watu wa kusini kuliko ng'ombe.

Pilipili kali, kinyume chake, ni mwenyeji wa huku. Hiyo tunayoiona kuwa yetu tangu enzi za mababu ilivuka bahari pamoja na mahindi na mihogo, ikaletwa kwetu na Wareno baada ya safari hizo. Basi kijana anayedhani pilipili ya Waamerika imeigwa kwetu, na mzee anayedhani ya kwetu haina uhusiano na ya huku, wote wawili wapate faida hapa.

Namna ya kupika nayo ina wenyewe. Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi, walikuwa na kichanja cha miti cha kuokea nyama na samaki juu ya moto mdogo. Wahispania waliliandika jina la kichanja hicho kuwa barbakoa, na ndilo lililozaa neno babekyu ambalo leo limeenea dunia nzima.

Waliokesha

Mwaka 1619 Waafrika wa kwanza waliotekwa walifikishwa katika koloni la Kiingereza la Virginia. Kufikia karne ya 18, babekyu ilikuwa karamu kubwa ya wenye mashamba wa Virginia na Carolina. George Washington mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1769 kwamba alikwenda Alexandria kwenye babekyu na akakaa huko usiku kucha. Yeye alikaa kama mgeni mwalikwa. Kazi ya shimoni katika karamu za namna hiyo aghalabu ilikuwa ya watumwa.

Na kazi yenyewe haikuwa ndogo. Kwanza lilichimbwa handaki. Kando yake zilichomwa kuni za miti migumu, kama hikori na mwaloni, mpaka zikawa makaa. Makaa yalichotwa kwa koleo na kutandazwa chini ya nguruwe aliyepasuliwa na kulazwa juu ya miti iliyopitishwa toka ukingo hadi ukingo. Moto ukizidi, mafuta yanadondoka na kuwaka, nyama inaungua. Ukipungua, nyama haiivi. Hapakuwa na kipimo cha joto isipokuwa mkono wa mpishi na masikio yake.

Kwa nini taratibu? Bega na paja ni viungo ambavyo mnyama huvitumia kutwa, kwa hiyo vimejaa nyuzi ngumu. Moto mkali huikausha nyama kabla nyuzi hizo hazijalegea. Joto dogo la muda mrefu huziyeyusha zikawa ute mzito unaoilainisha nyama, hata ikachambuka yenyewe.

Kati ya mwaka 1936 na 1938 serikali ya Marekani ilituma waandishi kuwahoji wazee zaidi ya 2,000 waliokuwa wamezaliwa utumwani. Mmoja wao alikuwa Mzee Wesley Jones wa South Carolina. Alieleza kwamba usiku wa kuamkia karamu hakuwa akilala. Alifunga kitambaa laini kwenye ncha ya fimbo ndefu, akakichovya katika mchuzi na kuipaka nyama usiku mzima mpaka mchuzi ukadondokea motoni. Akautaja na mchuzi wenyewe: siki, pilipili manga, pilipili nyekundu, chumvi, siagi, majani ya seji kidogo, giligilani, mrehani, kitunguu na kitunguu saumu. Wengine, alisema, hutia na sukari kidogo.

Msomaji atazame orodha hiyo vizuri. Giligilani, mrehani, saumu: mama zetu wa pwani wangeipokea bila kuuliza swali. Tena atazame jambo la pili. Katika maelfu waliokesha kwenye mahandaki yale, ni wachache mno ambao tunayajua majina yao pamoja na ufundi wao. Mzee Jones tunamjua kwa sababu mtu alimwendea na kalamu kabla hajafariki.

Baada ya minyororo kukatika

Tarehe 19 Juni 1865 habari ya uhuru ilitangazwa huko Galveston, Texas. Tangu mwaka uliofuata, watu weusi wa Texas waliiadhimisha siku hiyo kwa ibada, michezo na vyakula, na nyama ya kuoka ikawa nguzo ya sherehe. Moto ule ule waliolazimishwa kuulinda kwa ajili ya wengine, sasa waliuwasha kwa ajili ya watoto wao.

Ufundi huo ukawa pia riziki. Mwaka 1908 Henry Perry, mtu mweusi aliyetoka upande wa Memphis, alianza kuuza nyama ya moshi katika kichochoro cha Kansas City, akiifunga kwa karatasi za magazeti. Leo mji huo humwita baba wa babekyu yake. Na mwaka 2018 Rodney Scott, mwana wa South Carolina aliyekulia kwenye moto wa nguruwe mzima, alipewa tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa majimbo ya kusini-mashariki. Kutoka kwa Mzee Jones hadi kwake, njia ilikuwa ndefu.

Chungu cha umeme

Chombo kinachoturahisishia kazi leo kina kisa chake. Alikibuni Irving Naxon, Myahudi wa Chicago, akapewa hataza mwaka 1940. Mama yake alimsimulia jinsi huko kwao Lithuania familia zilivyopeleka vyungu vya maharage na nyama kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa kabla ya jua kutua, vikaiva taratibu usiku kucha, kwa kuwa Sabato hawawashi moto. Kampuni ya Rival iliinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka 1971 ikakitoa chungu hicho kwa jina la Crock-Pot. Akina mama waliokuwa wakitoka asubuhi kwenda kazini walikipokea kwa mikono miwili.

Hapo pana ajabu kidogo. Chombo kilichotokana na chakula cha watu ambao dini yao inawakataza nguruwe, ndicho sasa kinachopika nguruwe katika majiko mengi ya Marekani.

Na sisi je?

Ajabu hiyo inatuhusu, maana jamaa zetu ni mchanganyiko. Wamo wanaokula nguruwe na wamo wasiomgusa, Waislamu na Wasabato, tena ni ndugu wa damu na wakwe. Kumwambia shemeji yako achague wali aache nyama si ukarimu. Basi vyungu na viwe viwili. Cha pili kiwe cha mbuzi au ng'ombe aliyechinjwa ipasavyo, kiwe na mwiko wake, kisu chake, ubao wake na mpishi wake, na kikae meza safi ambayo nguruwe hakupita. Viungo ni vile vile, na muda ni kama ule ule.

Kwa wanaouliza vipimo: bega la kilo 3 lipakwe chumvi, pilipili manga, giligilani na saumu tangu jioni, kisha liachwe kwenye moto mdogo wa chungu saa 8 hadi 10. Limeiva mfupa ukichomoka wenyewe, au kipima joto kikisoma nyuzi 95 hivi katikati ya nyama. Siki na pilipili nyekundu hutiwa baada ya kuichambua.

La mwisho ni kazi. Hata kwa chungu cha umeme, yuko mtu anayechambua, anayeosha, anayepakua, na mara nyingi ni shangazi yule yule kila mwaka, anayekula wa mwisho tena amesimama. Tukishajua habari za waliokesha shimoni bila kualikwa mezani, hatuna udhuru wa kuiendeleza desturi hiyo kwa mtu wetu. Zamu ziandikwe mapema, wanaume na vijana wakiwemo, na waliopika wakae kwanza.

Nao wazee wanaokumbuka jinsi nyama ilivyookwa shimoni huko nyumbani, tunawaomba waandike, au wamsimulie mjukuu mwenye kalamu, tuyapate majina na vipimo kwa kitabu cha mwaka ujao.