Misingi ya rolakosta kwenye miteremko ya Kiganjo

Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri, imekaa juu ya miamba ya volkano ya Mlima Kenya iliyochakaa na kugeuka udongo mwekundu wenye kina kirefu. Anayetaka kusimamisha hapo rolakosta, treni ya burudani inayokimbia juu ya nguzo, huuliza kwanza kama udongo utaibeba. Kwa kawaida utaibeba. Linalostahili kutangulia ni swali la maji: yatapita wapi masika yakikolea?

Ushahidi kwamba udongo hubeba uko Nyandarua, kwenye bwawa la Sasumua linaloipatia Nairobi maji. Udongo mwekundu wa pale, ukipimwa maabara, ulionekana mbovu: umejaa maji na ni mwepesi kwa ujazo wake. Mhandisi Karl Terzaghi, katika andiko lake la 1958 kuhusu bwawa hilo, alieleza kwamba chembe za madini ya haloisaiti zimeshikamana kuwa vibonge vigumu vyenye vinyweleo, na maji mengi yamejificha humo ndani yasilainishe chochote. Bwawa likajengwa kwa udongo huohuo. Ndiyo maana sampuli ya udongo wa aina hii haifai kuanikwa kabla ya kupimwa: ikikauka hubadilika, na majibu yanakuwa ya udongo mwingine. Ifungwe kwa nta mara tu inapotoka shimoni.

Rolakosta ina mzigo wa peke yake. Behewa likikata kona, nguzo moja hukandamizwa huku mwenzake iking'olewa juu, na hilo hurudiwa siku nzima. Msingi basi huhitaji uzito wa zege, au nguzo za chini ya ardhi, wa kuzuia kung'oka. Na msingi mmoja ukizama kuliko jirani yake, reli hupinda.

Wapo watakaosema: chimba tu hadi mwamba. Nemesis, rolakosta ya bustani ya burudani ya Alton Towers, Uingereza, iliyofunguliwa 1994, ilichimbiwa mwambani kweli. Lakini katika miamba iliyochakaa, keekee hugonga jiwe kubwa lililobaki ndani ya udongo, na mchimbaji akadhani amefika. Tena kukata kitako cha mteremko ni kuuondolea mhimili wake. Shinikizo la maji likipanda ndani, hata udongo mzuri huporomoka.

Kwa hiyo, mitaro ya kukinga maji juu ya mteremko ijengwe kabla ya nguzo ya kwanza, na kina cha maji ardhini kifuatiliwe masika na vuli kabla ya michoro kupitishwa.