Nyumba za etaje: namna mlango uliofungwa unazuia moshi wakati wa moto

Siku ya yenga tarehe 9 mwezi wa kwanza 2022, watu 17 walipoteza maisha, kati yao watoto 8, katika nyumba ya etaje 19 mtaani Bronx, mjini New York, Marekani. Wengi wao walikuwa wa familia zenye asili ya Gambia. Mashine ya umeme ya kupasha joto ndiyo iliwasha moto kwenye etaje za chini. Ila moto wenyewe haukufika mbali: uliishia katika makao hayo na koridoo iliyo mbele yake. Kilichoua watu ni moshi.

Wenyeji wa makao hayo walipokimbia, mlango wao ulibaki wazi. Sheria ya New York inaomba mlango wa namna hiyo ujifunge wenyewe, lakini ule haukujifunga. Kwenye etaje ya 15, mlango wa kuingilia ngazi nao ulikuwa wazi. Moshi ukajaa katika ngazi, pale pale watu walipokuwa wakishukia. Tena alarme ilikuwa imezoea kulia bure. Siku hiyo ilipolia, wengi hawakushituka.

Mutu anaweza kujiuliza: mulango tu unaweza okoa watu? Ndiyo, kama ni mlango wa kuzuia moto. Unatengenezwa kwa mbao nzito ao chuma, mara nyingi ili uvumilie moto dakika 30 ao 60. Pembeni unawekwa utepe unaovimba ukipata joto na kuziba nafasi, na juu kuna resori inayourudisha. Resori ikiharibika, ao mpangaji akiegemeza bidon ili mlango usijifunge, kazi yote hiyo ni bure. Uingereza, tangu mwezi wa kwanza 2023, katika nyumba zinazopita metre 11, milango ya koridoo na ngazi inapimwa kila miezi 3.

Katika etaje za Goma, Bukavu ao Butembo, milango hiyo haionekani sana. Lakini hata mlango wa kawaida, ukifungwa, unachelewesha moshi. Mpangaji anayekimbia moto avute mlango nyuma yake, bila kuufunga kwa ufunguo. Akikuta moshi mzito katika ngazi, arudi ndani, afunge, aweke kitambaa chenye maji chini ya mlango, kisha aite watu kupitia dirisha.

Shida kubwa zaidi ni kadenasi. Wengi wanafunga mlango wa chini usiku juu ya wezi, na wana haki ya kuogopa. Lakini ufunguo ukibaki kwa mlinzi peke yake, na dirisha zote zina antivol, watu wa juu watapitia wapi? Mpangaji amuombe mwenye nyumba komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Kama bado, kila familia iwe na ufunguo wake, utundikwe karibu na mlango, mahali ambapo hata mtoto mkubwa anaweza kuupata gizani.