Kisiwa, Bara na Mipaka ya Elimu-Jamii: Namna Wataalamu Walivyoichunguza Jamii ya Mombasa

Utangulizi

Kila nadharia ya jamii huanza kwa kuchagua kipimo. Kabla mchunguzi hajahesabu nyumba wala kuuliza nasaba, huwa amekwisha kuamua ni kitu gani atakachokiita jamii: kabila, mji, ukoo, tabaka au nchi. Uamuzi huo kwa kawaida haujadiliwi, nao ndio unaoamua mengi ya yale yatakayoonekana baadaye. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya vipimo vilivyotumiwa na wataalamu kuichunguza jamii ya Mombasa, na kuonyesha kuwa vingi kati ya hivyo vilikwama mahali pamoja, yaani katika mkono mwembamba wa bahari unaotenga kisiwa na bara.

Mkomani ni mahali panapofaa kuvijaribia vipimo hivyo. Iko bara ya kaskazini, ng'ambo ya Mji wa Kale, jirani na Kongowea, Nyali na Kisauni. Tangu uchaguzi wa 2013 imekuwa wadi mojawapo kati ya wadi tano za jimbo la Nyali, pamoja na Kongowea, Frere Town, Ziwa la Ng'ombe na Kadzandani. Majina hayo matano peke yake ni muhtasari wa historia. Kongowea ni jina la kale ambalo washairi wa Mvita walilitumia kuutaja mji wenyewe. Frere Town ni ukumbusho wa makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875. Ziwa la Ng'ombe ni Kiswahili kitupu, na Kadzandani ina sauti ya dz ambayo ni ya kawaida katika lugha za Mijikenda. Mtaalamu anayetafuta kabila moja lenye eneo moja na lugha moja hawezi kulipata hapa. Wala hana haki ya kudai kuwa hapa hapana jamii.

Wamisionari na neno "nyika"

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo mkewe, Rosine, na binti yao mchanga walifariki, wakazikwa bara ya kaskazini, upande huu unaoelekea kisiwa. Krapf alihamia Rabai, na kazi yake ya lugha ikazaa kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Wanaisimu wanamheshimu kwa kazi hiyo, na wanayo haki ya kufanya hivyo. Lakini Krapf alikuwa vilevile mchunguzi wa jamii, na katika uchunguzi huo alichukua neno la watu wa mjini, "Wanyika", akalifanya jina la kabila.

Jambo hili lataka kutazamwa kwa makini. Nyika ni pori, mahali pasipo mji. Kumwita mtu Mnyika kulikuwa kumweleza kwa kumlinganisha na anayesema: mimi ni wa mjini, yule ni wa nje ya mji. Lilikuwa neno la uhusiano. Lilipoingia katika vitabu vya Ulaya liligeuzwa neno la aina, kana kwamba lilitaja namna ya watu waliotofautiana na wengine kwa asili. Aliyekuwa jirani, mteja, mshirika wa vita au mkwe, sasa akawa mfano wa kabila. Huo ndio msingi ambao wengi waliofuata walijengea juu yake bila kuukagua.

Serikali na daftari la ardhi

Mwaka 1895 ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi ulitiwa chini ya himaya ya Uingereza kwa mapatano na Sultani wa Zanzibar. Kuanzia hapo suala la nani ni nani halikuwa tena la wasomi peke yao. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi pwani alete dai lake mbele ya ofisa. Ardhi isiyothibitishwa kuwa ya mtu ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Mfalme wa Uingereza. Utaratibu huu ulimfaa aliyekuwa na hati, shahidi na ujuzi wa mahakama. Haukumfaa aliyelima kwa idhini ya jirani, wala jamii iliyoshika ardhi kwa pamoja, wala aliyekuwa mtumwa mpaka utumwa ulipofutwa kisheria pwani mwaka 1907.

Utawala ule uliwagawa pia watu katika mafungu ya "wenyeji" na "wasio wenyeji", na fungu la mtu liligusa kodi yake, mahakama yake na haki yake ya kuwakilishwa. Ahmed Idha Salim, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu wasemao Kiswahili wa pwani ya Kenya, ameeleza jinsi Thenashara Taifa wa Mombasa walivyojikuta hawana mahali penye uhakika katika mpango huo: si Waarabu kwa hesabu ya serikali, wala hawakukubali kuwekwa katika fungu la wenyeji waliokuwa na haki chache. Huenda mtu akaona ugomvi ule kuwa ni wa majivuno tu. Ukweli ni kwamba watu walikuwa wanapigania haki zao kwa istilahi ambazo hawakuzitunga wao.

Uamilifu na vitabu viwili

Taasisi ya Kimataifa ya Afrika iliundwa London mwaka 1926, wakati elimu ya anthropolojia ya Kiingereza ilipokuwa ikiongozwa na Malinowski na Radcliffe-Brown. Nadharia yao, ambayo huitwa uamilifu, iliitazama jamii kama mwili ambao kila kiungo kina kazi ya kuuhifadhi uzima wa mwili mzima. Nadharia hiyo ilileta faida kubwa: iliwalazimu wachunguzi kukaa na watu, kujifunza lugha yao, na kuacha kuzieleza desturi kuwa ni masalio ya ujinga. Ila mwili lazima uwe na ngozi, yaani mpaka. Na mpaka ulioshikwa ulikuwa kabila.

Matokeo yake kwa Mombasa yanaonekana wazi katika kazi ya mtaalamu mmoja. A.H.J. Prins aliandika vitabu viwili katika mfululizo wa taasisi hiyo. Cha kwanza, cha mwaka 1952, kilihusu Wapokomo, "Wanyika" na Wataita. Cha pili, cha mwaka 1961, kilihusu wasemao Kiswahili wa Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki. Vyote viwili vina maarifa mengi na vingali vinatumiwa. Lakini kwa mpango huo, watu waliouziana nafaka, waliooana na waliopigana vita upande mmoja, wamewekwa katika vitabu viwili vilivyopishana kwa miaka tisa. Mkono wa bahari ambao mtumbwi huuvuka kwa muda mfupi, na ambao tangu 1931 ulivukwa kwa daraja lililoelea la Nyali hadi daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 1980, uligeuka kuwa mpaka wa elimu.

Historia na swali la "Mswahili ni nani?"

Wanahistoria ndio walioanza kuubomoa mpaka huo. F.J. Berg, katika makala yake ya mwaka 1968 kuhusu jamii ya Waswahili wa Mombasa tangu 1500 hadi 1900, alionyesha kwamba Thenashara Taifa walikuwa ni miungano miwili, Tisa Taifa na Tatu Taifa, na kwamba kila muungano ulikuwa na washirika wake bara. Tatu Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, walifungamana na Wadigo na Waduruma. Tisa Taifa walifungamana na makundi ya kaskazini. Basi siasa ya kisiwa haikuweza kuelezwa bila ya bara, wala ya bara bila ya kisiwa.

Wakati huo huo wanaisimu na wanaanthropolojia walishikwa na swali la Mswahili ni nani. Carol Eastman alilijadili mwaka 1971, na W. Arens mwaka 1975 akalitazama kutoka Mto wa Mbu, Tanzania. Walikubaliana kwamba jina hilo hubadilika maana kwa kadiri ya msemaji, msikilizaji na mahali. Hilo ni kweli. Lakini wako waliotoka katika ukweli huo wakafikia rai kwamba Mswahili hayuko. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala katika kitabu chao cha mwaka 1977 juu ya historia ya Kiswahili, na baadaye Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff mwaka 1994, walilijibu dai hilo kwa hoja. Archie Mafeje alikuwa ameandika mwaka 1971 kuwa wazo la kabila katika elimu ya Afrika ni itikadi iliyotokana na ukoloni. Mtu akikubali hoja ya Mafeje, hana budi kuona kuwa kosa halikuwa la Waswahili kukosa kutoshea katika kabila. Kosa lilikuwa la kipimo chenyewe.

Tabaka na nyumba isiyo na ardhi

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 kipimo kilibadilika tena. Frederick Cooper mwaka 1980 alifuatilia jinsi mashamba ya pwani yalivyogeuka baada ya utumwa kufutwa: waliokuwa watumwa na watu wa Mijikenda wakawa maskwota juu ya ardhi ambayo hati zake zilikuwa za wengine. Richard Stren, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu makazi ya maskini wa Mombasa, alieleza mtindo ambao mjenzi humiliki kuta na paa la nyumba ya Kiswahili, akapangisha vyumba vyake, huku akimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Mtindo huo unajulikana sana bara ya kaskazini. Ndani yake mtu mmoja huwa mwenye nyumba kwa wapangaji wake na mpangaji kwa mwenye ardhi. Margaret Strobel naye, mwaka 1979, alionyesha jinsi vyama vya lelemama vilivyowaleta pamoja na kuwashindanisha wanawake waungwana na wa asili ya utumwa.

Kazi hizi ziliona yale ambayo uamilifu haukuyaona. Hata hivyo tabaka nalo, likitumiwa peke yake, halielezi kwa nini mpangaji wa Kisauni anapodai haki ya ardhi hasemi kwanza kuwa yeye ni mfanyakazi, bali husema kuwa yeye ni mwenyeji.

Ushahidi wa lugha

Hapa ndipo wanaisimu wana mchango ambao wengine hawawezi kuutoa. Justin Willis mwaka 1993 alionyesha kwamba jina Mijikenda lilienea katika karne ya 20, hasa kuanzia miaka ya 1940, na kuchukua mahali pa "Wanyika". Tafsiri yake ni miji tisa. Ng'ambo ya pili wako Tisa Taifa. Upande mmoja umetumia nambari ya Kibantu, kenda, na mwingine nambari yenye asili ya Kiarabu, tisa. Upande mmoja umesema miji na mwingine taifa. Lakini muundo wa fikira ni mmoja: watu hujitaja kwa idadi ya jumuiya zilizoungana, wala si kwa damu moja wala kwa lugha moja. Zaidi ya hayo, Wajomvu, Wachangamwe, Wamtwapa na Wakilifi, wote wakiwa miongoni mwa Thenashara Taifa wa kisiwani, wanaitwa kwa majina ya mahali pa bara. Bara imo ndani ya majina ya kisiwa.

Neno "bara" lenyewe lina funzo. Kwa mtu wa Mji wa Kale, Mkomani ni bara. Lakini mtu wa Mkomani akisema "wabara", anakusudia watu waliotoka mikoa ya ndani ya Kenya, wala hajihesabu miongoni mwao. Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Mwezi Agosti 1997, huko Likoni, watu waliuawa na maelfu wakahama kwa sababu walihesabiwa kuwa wabara. Neno la uhusiano lilikuwa limegeuzwa tena kuwa neno la aina, kama lilivyogeuzwa "nyika" zaidi ya karne moja kabla, na safari hii waliolipa walilipa kwa roho zao.

Hitimisho

Historia hii haionyeshi kuwa nadharia za kigeni hazina faida. Uamilifu ulifundisha kukaa na watu, historia ilifundisha kufuata mabadiliko, na nadharia ya tabaka ilifundisha kuuliza nani anamiliki nini. Inaonyesha kwamba kila nadharia ilileta kipimo chake pamoja nayo, na kwamba maneno ya wenyeji yalichukuliwa kuwa habari za kukusanywa, ilhali yalikuwa pia uchambuzi. Taifa, mji, mlango, mwenyeji, mgeni, bara na nyika ni dhana za elimu-jamii zilizotungwa na watu waliolazimika kuishi pamoja juu ya ardhi chache na bandari moja.

Ripoti ya tume ya ukweli, haki na maridhiano ya mwaka 2013 iliyataja malalamiko ya ardhi ya pwani kuwa ni dhuluma za kihistoria, na mashauri ya namna hiyo huamuliwa kwa maneno: nani aitwe mwenyeji, nani aitwe mgeni, tangu lini, na kwa ushahidi upi. Kwa hiyo kazi ya kuyakusanya maneno hayo pamoja na matumizi yake, mtaa kwa mtaa, kisiwani na bara, haiwezi kuachiwa mahakama na wanasiasa. Idara za lugha zina wajibu wa kuonyesha, kwa kila neno, nani humwambia nani, wapi, na kwa haja gani, kabla halijaingizwa katika daftari la mtu mwingine kama jina la kabila.