Nyigu wa Pontedera: Juu ya Kuihuisha Vespa Kuukuu

Kila chombo kina nasaba yake. Jahazi likitia nanga bandarini, mabaharia wazee hulitazama wakaulizana limeundwa wapi, kwa mbao gani na kwa mkono wa fundi yupi. Hawatosheki na kujua linachukua mzigo wa kiasi gani. Vyombo vya barabarani hatujavipa heshima hiyo. Pikipiki ikishaharibika husukumwa hadi uani, ikaegemezwa ukutani, ikafunikwa gunia, na kuku wakaja wakataga chini yake. Miaka ikipita, mmoja wa watoto au wajukuu hushikwa na hamu ya kuihuisha, na swali lake la kwanza huwa: vipuri vitapatikana wapi? Ni swali la haki, lakini lipo jingine linalolitangulia: katika chuma hiki kilicholiwa na kutu, ni kitu gani hasa tunachotaka kukirejeshea uhai?

Nalileta swali hili mbele ya wasomaji kwa sababu ya Vespa moja iliyokuwa ya ami yangu, mwalimu wa skuli. Iliundwa Italia mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikatembea Unguja kwa zaidi ya miaka ishirini, kisha ikalala uani kwetu kwa muda mrefu kuliko ule iliotembea. Lakini ili tuielewe hiyo moja, yatupasa kwanza tuujue ukoo wake.

Kampuni ya Piaggio iliasisiwa na Rinaldo Piaggio mwaka 1884, karibu na mji wa Genoa, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutengeneza samani na mapambo ya ndani ya meli. Baadaye ikaingia katika mabehewa ya reli, kisha ndege. Katika Vita vya Pili vya Dunia kiwanda chake cha Pontedera, katika jimbo la Toscana, kilikuwa kikiunda ndege za kivita, na kwa sababu hiyo kilipigwa mabomu. Vita vilipokwisha Italia ilikuwa imeshindwa, barabara zimebomoka na watu hawana fedha. Na kiwanda cha ndege za vita hakikuwa tena na mnunuzi. Enrico Piaggio, mwana wa Rinaldo, akaazimia kuunda chombo chepesi cha bei nafuu. Mfano wa kwanza, ambao uliitwa Paperino kwa jina la yule bata wa katuni, haukumridhisha. Ndipo alipomkabidhi kazi hiyo mhandisi Corradino D'Ascanio.

D'Ascanio alikuwa mtu wa helikopta. Moja aliyoiunda iliweka rekodi za dunia mjini Roma mwaka 1930. Pikipiki hakuzipenda kabisa. Aliziona zinamchafua mpandaji, zinamchosha, na tairi likipasuka njiani ni balaa. Basi akaanza kana kwamba pikipiki haijapata kuwepo. Mnyororo akauondoa, injini akaiweka pembeni mwa gurudumu la nyuma na kuifunika. Fremu ya mabomba akaiacha. Bati lililokunjwa na kuchomelewa likawa ndio mwili na ndio mifupa. Gurudumu la mbele akalishika kwa upande mmoja tu, kama lilivyo gurudumu la ndege, ili lifunguliwe kwa wepesi. Gia akazileta mkononi. Kati ya kiti na usukani akaacha uwazi wa kupitisha miguu, hata mtu akaketi kama aliyeketi kitini. Sidhani kama alipata kumfikiria mtu wa pwani yetu, lakini kwa uwazi ule alimwezesha mwenye kanzu kupanda chombo cha moto pasi na kujikunja nguo.

Hati ya ubunifu ule iliwasilishwa tarehe 23 Aprili 1946, na injini ya kwanza ilikuwa ya sentimita za ujazo 98. Inasimuliwa kuwa Enrico Piaggio alipokiona chombo, kiuno chembamba na nyuma pana, na alipoisikia sauti yake, alisema kinafanana na nyigu. Vespa kwa Kitaliano ni nyigu. Kufikia mwaka 1956 Vespa milioni moja zilikwishaundwa.

Nyigu huyu alikuwa na ndugu. Mwaka 1948 kiwanda kile kilitoa chombo cha magurudumu matatu cha kuchukulia mizigo, kikaitwa Ape, yaani nyuki. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ikawa inaunda vyombo vya ukoo huo, vya magurudumu mawili na vya matatu, kwa idhini ya Piaggio. Idhini ilipomalizika mwaka 1971, Bajaj iliendelea kwa jina lake yenyewe, na mwaka 1972 ikatoa skuta iliyoiita Chetak, kwa jina la farasi wa Maharana Pratap, mtawala wa Mewar aliyepigana Haldighati mwaka 1576. Na hapa nasaba inarudi nyumbani kwetu, kwani Kiswahili kililichukua jina la kampuni kikalifanya jina la chombo: bajaji. Anayepanda bajaji kwenda sokoni amempanda mjukuu wa nyuki wa Pontedera, japo hajui.

Katika visiwa hivi jina la Vespa lilienea mpaka wengi wetu tukiita Vespa kila skuta, iwe imetoka kiwanda gani. Kisha ukaja uhaba. Katika miaka ya 1970 fedha za kigeni zilizidi kuadimika, na vita na Uganda vya 1978 na 1979 vikaongeza uzito juu ya uzito. Kipuri kilichovunjika hakikuwa na badala dukani. Na hata biashara ilipoanza kulegezwa, mwaka 1984, si kila kitu kilichopatikana, wala si kila mtu aliyeweza kununua. Miaka ile ndiyo iliyowafunza mafundi wetu ufundi usioandikwa kitabuni. Gasketi ilikatwa kutoka katika karatasi ngumu ya boksi, ikapakwa mafuta. Waya wa breki ya baiskeli ulifanywa waya wa klachi. Sufuria iliyotoboka iliyeyushwa ikawa mkono wa breki.

Vespa ya ami yangu imeyabeba yote hayo mwilini. Kwenye bodi zimepigwa herufi VBB1T na nambari. Anayejua Kitaliano atatambua kuwa T ni telaio, yaani fremu. Na injini yake ya asili ilipaswa kuandikwa VBB1M, ambapo M ni motore. Lakini injini iliyomo si hiyo. Ni injini ya Kihindi, iliyotiwa baada ya ile ya kwanza kufa. Kwa wakusanyaji wa vyombo vya kale hili ni kosa la kusahihishwa: itafutwe injini ya VBB, bodi na moyo viwe wa kiwanda kimoja. Nami nimefanya kazi ya kufasiri kwa miaka mingi, tena bila ya kufundishwa na mtu, na swali la aina hii si geni kwangu. Anayenakili mswada wa kale hukuta mkono wa pili umesahihisha, na wa tatu umeongeza pambizoni. Akiifuta mikono hiyo ili aufikie mkono wa kwanza peke yake, atakuwa amepata matini safi na kuwapoteza wasomaji wote waliopita. Injini ya Kihindi ndiyo iliyompeleka ami yangu skuli katika miaka yake ya mwisho ya kazi. Imebaki.

Kubaki huko hakukuwa kwa maneno matupu. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda. Dawa yake ni subira: plagi hufunguliwa, dizeli iliyochanganywa na oili humiminwa ndani, chombo kikaachwa siku kadhaa, kisha flaiwili huzungushwa kwa mkono, mbele kidogo na nyuma kidogo. Anayeikimbilia kiki hupasua ringi. Injini za ukoo huu ni za mipigo miwili. Mchanganyiko wa hewa na petroli hupita kwanza katika sanduku la kishafti kabla ya kusukumwa juu, na kwa hiyo sili mbili za mpira za kishafti zikikauka, injini huvuta hewa isiyohitajika, petroli ikawa pungufu, joto likapanda, na pistoni ikashika tena. Sili huwa hazionekani kwa nje, na aghalabu ndizo anazozisahau mwenye haraka ya kupaka rangi. Oili nayo husafiri ndani ya petroli: Vespa za mwanzo zilitaka asilimia 5, na zile za zama za VBB asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5. Sisi tuliolelewa na harufu ya moshi ule twaijua kabla ya kukiona chombo.

Tangi lilijaa kutu. Siki ikajazwa pamoja na vijiwe, likatikiswa, likalazwa usiku kucha, likasuuzwa kwa maji ya magadi na kukaushwa upesi. Tangi lililotoboka lisichomelewe nyumbani hata likionekana tupu, kwani mvuke wa petroli uliobaki huua. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe, maana bitana zake aghalabu zilikuwa na asbesto. Lipanguswe kwa kitambaa kibichi. Na rangi ya kale, ambayo huweza kuwa na risasi, isuguliwe kwa msasa wa maji, mbali na watoto. Hapana adabu ya ukale inayompa mtu ruhusa ya kuwadhuru walio hai.

Kauli hiyo ndiyo iliyoamua suala la sakafu. Bati la chini, pale miguu inapokaa, lilikuwa limetoboka kwa chumvi ya bahari, na fundi wa zamani alilifunika kwa kipande cha pipa la mafuta ya kupikia. Kwa chini herufi za kiwanda cha mafuta zingali zikisomeka. Nilitamani kibaki. Lakini juu ya Vespa sakafu ni sehemu ya mifupa. Ikiachia, mtu huanguka. Na kiraka kile, kwa kubanwa juu ya kutu, kilikuwa kimeifungia unyevu ndani. Wanaokarabati nyumba za Mji Mkongwe wanaijua habari hii: ukuta wa mawe na chokaa hupumua, na anayeupiga lipu ya saruji huufungia maji ndani, ukapendeza kwa nje na kuoza kwa ndani. Basi kiraka kilikatwa, pamoja na kutu iliyokuwa chini yake, na bati jipya likachomelewa hadi kwenye chuma kizima. Kipande cha pipa kimewekwa. Mkono wa breki ulioyeyushwa kutoka katika sufuria, kwa vile ulijaribiwa ukaonekana imara, umerudishwa mahali pake.

Likabaki la rangi. Chini ya msasa zilijitokeza tabaka tatu: kijani, kisha buluu, na chini kabisa kijivu cha kiwandani. Wapo waliotaka ing'arishwe kama iliyotoka Pontedera jana. Kipya kinyemi, wahenga wamesema, ingawa kidonda. Nasi twajua kuwa katika masoko ya vyombo vya kale vya Asia zimeuzwa Vespa nyingi zenye rangi ya kupendeza na viungo vilivyoungwa ovyo. Bodi ilihitaji rangi mpya ili kuizuia kutu, na imepakwa. Ila nyuma ya ngao ya miguu pameachwa mahali pa upana wa kiganja, pamepakwa vanishi tu, ili tabaka zote tatu zionekane na mwenye kutaka azihesabu.

Kila kilichotolewa kimeandikwa katika daftari: kilikuwa nini, kilitengenezwa kwa kitu gani, kwa nini kimeondolewa. Nimeuliza kwa wazee ni nani aliyefanya lipi, na mara nyingi jibu lilikuwa ni jina la marehemu. Hilo ndilo lililonitia huzuni zaidi ya kutu. Vespa bado zimo katika nyua zetu, na wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mitaani na mizani zao wakazipima kwa kilo. Chuma kinaweza kununuliwa tena. Lakini fundi aliyeyeyusha sufuria mwaka ule wa shida hakuandikwa na kiwanda, wala serikali, wala mshairi. Jina lake limo katika kumbukumbu ya wazee wachache, na kazi yake imo katika mkono wa breki. Mwenye chombo cha namna hii uani kwake, kabla hajamwita mwenye mizani na kabla hajamwita mpaka rangi, akakae kwanza na mzee wa mtaa, akiwa na kalamu.